Kisumu: ofisi ya watu saba, intaneti inachagua kompyuta na imeili za miaka mitatu zimeenda, nianzie wapi?

karani_wa_kondele

Hamjambo wadau. Niko Kisumu, ofisi yetu ni ndogo, tunafanyia wafanyabiashara ritani za KRA na mishahara na vitabu vya hesabu, tuko ghorofa ya pili karibu na Oginga Odinga Street. Watu saba, kompyuta tisa, printa moja kubwa. Kazi yangu ni ukarani lakini mambo ya kompyuta yote huletwa kwangu na sasa yamezidi, nimeona afadhali niulize wenye wanajua kabla mdosi hajaleta mtu mwingine wa kutuuzia vitu.

Intaneti kwanza. Tuko na faiba, kuna kasanduku ka kampuni kwa ukuta na rauta yao, halafu waya inaenda kwa swichi ya poti kumi na sita na kutoka hapo kwa kompyuta. Juzijuzi mdosi alinunua rauta ingine ya waifai akaweka ofisini kwake juu simu yake ilikuwa haishiki. Sasa kila asubuhi ni bahati nasibu. Kompyuta tatu zinapata, nne hazipati, kesho yake zile zilizokuwa zinapata ndio hazipati. Ukizima na kuwasha mara tatu hivi inakubali. Printa nayo ni hivyo hivyo, mtu anaprinti vizuri na jirani yake kwa meza hiyo hiyo anaambiwa printa haipo. Kampuni nimewapigia mara nne wanasema kwao laini iko sawa kabisa.

Halafu imeili, na hii ndiyo inanikosesha usingizi. Imeili ya ofisi, ile ya info, ilikuwa inaingia kwa kompyuta ya mapokezi peke yake. Wiki mbili zimepita mvua ilinyesha na radi, stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, na ile kompyuta ikakataa kuwaka. Ukiweka sikio karibu na diski unasikia tik tik tik. Nimeingia kwa tovuti ya imeili kuangalia, nikapata barua za siku chache tu, zile zimeingia baada ya kompyuta kufa. Za miaka mitatu hakuna. Na kuna mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kibuye, KRA wamemletea makadirio ya kodi ambayo si yake, siku 30 za kupinga zimebaki 11, na risiti zake na delivari zote alitutumia kwa hiyo imeili. Anakuja kila siku mbili kuuliza tumefika wapi. Anakaa pale mapokezi na kipochi chake kwa magoti na mimi sina cha kumwambia.

Zingine ni ndogo: imeili tunazotuma kwa watu wa Gmail zinaingia spamu, na tarehe 20 ikifika tukituma VAT intaneti inakuwa nzito mpaka watu wanatoa simu. Mdosi amesema ana elfu thelathini na tano kwa kila kitu. Nianzie wapi?

FundiWaya_Nakuru

Pole sana dada, ama ndugu. Hii ya intaneti nakwambia bila hata kufika huko: ni rauta ya mdosi. Si mbovu, imechomekwa vibaya.

Iko hivi. Kompyuta ikiwaka huwa haina anwani, inaita kwa waya "nani ananipa anwani?" na yule anajibu kwanza ndiye anasikizwa. Hiyo kazi ya kugawa anwani inaitwa DHCP na kwa ofisi kama yenu inatakiwa kufanywa na mmoja tu. Sasa nyinyi mko na wawili. Rauta ya kampuni inagawa, na ya mdosi inagawa, lakini ya mdosi haijui njia ya kutoka nje kwa sababu waya yake iko kwa poti za ndani badala ya ile ya kuingizia intaneti. Kompyuta ikijibiwa na ya kampuni inafanya kazi. Ikijibiwa na ya mdosi inapata anwani safi kabisa, inaonyesha imeunganishwa, na haifiki popote. Ndio maana ukizima na kuwasha inakubali, umerusha sarafu tena. Ndio maana pia printa inaonekana na mmoja na mwingine haioni, wako mitaa tofauti. Na ndio maana kampuni wanasema laini iko sawa, hapo hawajakudanganya.

Hakikisha kwanza. Kwa kila kompyuta fungua kile kidirisha cheusi cha amri uandike ipconfig uniambie namba ya anwani na ya geti, yaani mlango wa kutokea nje, gateway wameiandika hapo. Nina hakika utaona zingine zinaanza na 192.168.1 na zingine 192.168.0. Halafu chomoa waya wa rauta ya mdosi kwa swichi, zima na uwashe kompyuta zote, uone.

Ikithibitika usiitupe, itumie. Unganisha laptopu na hiyo rauta peke yake, ingia kwa ukurasa wake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, zima DHCP, hifadhi, kisha rudisha waya kwa poti ya ndani, ile rangi moja na wenzake, sio ile moja yenye rangi tofauti. Hapo inakuwa mnara wa waifai tu na kugawa anwani kunabaki kwa ya kampuni. Angalia tu kabla kwamba ya kampuni ni 192.168.1.1, kama ni ingine ufuate hiyo. Printa iandikie anwani yake ya kudumu ndani ya rauta ya kampuni ili isihamehame, mfano 192.168.1.50. Hii yote haitakugharimu hata shilingi, ni saa moja Jumamosi.

Niliona kitu hiki hiki hapa Nakuru kwa ofisi moja ya mtaa wa Section 58, walikuwa wamenunua swichi mpya, wamebadilisha waya zote, wamebadilisha mpaka kampuni ya intaneti, na kalikuwa karauta kamoja chini ya meza ya mhasibu kanakusanya vumbi. Nilikatafuta mchana wote nikifuata waya moja moja kwa mkono.

mama_saiba_kakamega

Mulembe. FundiWaya amemaliza ya intaneti, wacha mimi nishike imeili kwa sababu nimeona watu wakilia kwa hii.

Kitu cha kwanza kabla ya vyote: hiyo diski usiiwashe tena. Hiyo tik tik ni kichwa cha diski kinatafuta na hakipati, kila ukiwasha inazidi kujikwaruza. Itoe, ifunge kwa mfuko, kaa nayo. Usikubali kijana yeyote ajaribu programu za kurudisha mafaili juu yake, hizo ni za diski nzima ambayo mtu amefuta kitu kimakosa, sio ya diski imevunjika ndani. Mtaamua baadaye kama mtalipa wataalamu wa kuifungua, ni ghali na hakuna wa kukuahidi.

Kwa nini barua hazipo kwa seva? Kwa sababu programu ya imeili kwa ile kompyuta ya mapokezi iliwekwa kwa njia ya POP. POP ilitengenezwa zamani watu wakilipa intaneti kwa dakika, unaunganisha, unavuta barua zote kwa kompyuta yako, seva inafuta za kwake, unakata simu. Kwa hivyo nakala ilikuwa moja tu duniani na ilikuwa kwa ile diski. Kuna mahali pa kuweka tiki ya kuacha nakala kwa seva, aliyewawekea hakuweka. Mnachotaka ni IMAP, barua zinakaa kwa seva na kompyuta na simu zote zinaangalia sanduku moja. Ukiseti weka IMAP poti 993, ya kutuma 587 au 465 (hapa poti ni namba unaandika kwa programu, si tundu la waya), na ukiona maelezo yoyote yanakuambia 110 au 143 au 25 bila usalama, hayo ni ya zamani, achana nayo, paswadi inapita wazi.

Sasa huyo mama wa Kibuye. Ndugu yangu, barua alizokutumia si ziko kwake! Mtu akituma imeili nakala inabaki kwa zile zilizotumwa. Mkalishe hapo mapokezi, mwambie afungue simu yake, aingie kwa zilizotumwa, atafute jina la ofisi yenu. Kama anatumia Gmail ziko zote hata za miaka mitatu, labda awe alizifuta kwa mkono. Mfanye hivyo leo, usingoje Jumamosi. Na wateja wengine wote uwapigie hivyo hivyo, mmoja mmoja, wakurudishie. Ni kazi ya kuchosha lakini utarudisha sehemu kubwa.

Swali nalo: domeni yenu, lile jina la mtandaoni la .co.ke, iko kwa jina la nani? KENIC ndio wanasimamia .ke lakini unainunua kupitia mawakala wao, na mara nyingi utapata kijana aliyetengeneza tovuti aliandika imeili yake mwenyewe kama mwenye mali. Siku akienda Qatar mnabaki mnamtafuta. Angalia hilo hata kabla ya kununua chochote.

mzee_wa_seva_bungoma

Habari zenu. Mimi niseme tofauti kidogo na naomba mnisikie vizuri. Hii imetokea kwa sababu barua za ofisi zimekaa kwa mikono ya watu. Mkiwa na elfu thelathini na tano mnaweza kutafuta kompyuta nzuri ya mtumba, mkaweka Linux na seva ya imeili hapo hapo ofisini, diski mbili zinazonakiliana, na hakuna malipo ya kila mwezi. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa shirika fulani kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa 2009, wakati huo intaneti ilikuwa ya satelaiti, ghali na nzito kama jiwe, na seva yetu ndani ilikuwa inavuta barua kila saa mara moja, watu arobaini wanasoma bila kungoja. Barua ya kutoka meza hii kwenda meza ile haikuwa inapita angani na kurudi. Ilifanya kazi miaka na hakuna barua ilipotea. Vijana wa siku hizi kila kitu mnataka kukodi.

mama_saiba_kakamega

Mzee, shikamoo, na nakuheshimu kwa hiyo kazi, wakati huo hakukuwa na njia ingine na mliyafanya vizuri. Lakini kwa hii ofisi nakataa, na nitasema sababu.

Wako na faiba ya kawaida, anwani yao ya nje inabadilika, na pengine wala si yao peke yao, kampuni nyingi zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Seva ya imeili inataka anwani ya kudumu, na jina la kinyume, yaani ukiuliza hiyo anwani inajibu ni jina gani, liandikwe na kampuni ya intaneti, bila hiyo Gmail na wenzake wanakutupa spamu ama wanakukataa mlangoni. Kampuni nyingi zimefunga poti 25 ya kutoka kwa laini hizi ndogo kwa sababu ya virusi vya kutuma takataka. Halafu stima. Ikipotea Jumamosi na ofisi imefungwa, seva imelala mpaka Jumatatu, wanaowaandikia watajaribu tena na tena mpaka siku kadhaa ndio warudishiwe, sawa, lakini mtu akitaka kusoma yuko nyumbani hawezi. Na nani atakuwa anaweka viraka vya usalama? Huyu karani? Ana ritani za watu.

Ile nguvu ya diski mbili unayosema ni ya kweli, lakini radi ikipiga inaua zote mbili kwa pamoja.

mzee_wa_seva_bungoma

Ya radi umenishika. Na ya jina la kinyume pia, sisi tulikuwa na anwani zetu za kudumu, nimesahau watu hawapewi tena hivyo. Basi wakodi, lakini wawe na nakala yao wenyewe pembeni, hapo siondoki. Kukodi si kuhifadhi. Mtu akifuta barua kwa simu na IMAP, imefutika kila mahali.

mama_saiba_kakamega

Hapo tuko pamoja kabisa mzee. Diski ya nje, nakala kila Ijumaa, ichomolewe ipelekwe nyumbani kwa mdosi.

karani_wa_kondele

Asanteni sana, haki. Nimesoma yote mara mbili.

Nimefanya ipconfig kwa kompyuta nane zinazowaka. Tano ni 192.168.1 na geti 192.168.1.1, mbili ni 192.168.0 na geti 192.168.0.1, na moja ya kona kule stoo ni 169.254 halafu namba zingine, geti hakuna. Nikachomoa waya wa mdosi nikawasha upya, zile mbili zikaingia papo hapo. Ya stoo bado. Mdosi ananiuliza kwa nini simu yake haina waifai nimemwambia angoje Jumamosi.

Domeni nimeangalia, ni kama mama_saiba alisema. Iko kwa imeili ya kijana aliyetutengenezea tovuti mwaka wa 2021. Nimempata kwa simu, yuko Nairobi, amekubali kuhamisha, nashukuru Mungu hakuleta shida.

FundiWaya_Nakuru

Vizuri sana. 169.254 maana yake kompyuta iliita na hakuna aliyejibu ikajipa anwani yenyewe, kwa hivyo sauti yake haifiki kwa swichi. Karibu kila mara ni waya. Angalia taa kwa poti yake pale swichi, kama haiwaki ama inawaka na kuzima, kata vichwa vyote viwili, vile vya plastiki vya kuchomeka, ufunge vipya. Mpango wa rangi ule wa B ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Ile jozi ya kijani inagawanyika ikiruka buluu, hapo ndipo watu wengi wanakosea wanafuata rangi zilivyokaa kwa waya.

Ukienda kununua waya beba wembe. Kwangua ncha ya uzi mmoja, ikiwa ndani ni nyeupe ya fedha na nje ndio ya shaba hiyo ni aluminiamu imepakwa, ni rahisi lakini inakatika ukiikunja na kwa umbali inasumbua. Nunua ya shaba tupu, ya daraja la Cat5e inatosha kabisa kwa ofisi yenu, na isipite mita 100 kwa kipande kimoja.

Sasa uzito wa tarehe 20. Kabla ya kuongeza kasi mtafute nani anakula. Ingia kwa rauta ya kampuni uone orodha ya waliounganishwa, hesabu. Watu saba, kompyuta tisa, ukikuta vifaa thelathini ujue paswadi ya waifai imeenda mpaka ghorofa ya chini. Simu zinapandisha picha na video kwa hifadhi ya mtandaoni zikifika kwa waifai tu, na kompyuta za Windows zinavuta masasisho mchana wa kazi, hilo unaweza kulipangia saa. Kupandisha ndiko kunakaba, watu wanafikiria kushusha peke yake, lakini wewe ukituma ritani unapandisha, na simu kumi zikipandisha pia njia imejaa. Tenga waifai ya wageni na paswadi yake na kasi ndogo. Kwanza wateja wenu wanaokaa mapokezi hawafai kuwa kwa mtandao mmoja na mafaili ya mishahara ya watu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahesabu nyinyi kuwa mmeshika siri za watu.

Kama rauta inaruhusu, weka DNS, ile huduma ya kutafuta anwani za tovuti kwa majina, ya 1.1.1.2, ni ya Cloudflare, inazuia tovuti zinazojulikana kwa virusi. 1.1.1.3 inazuia na za ngono pia. Usifunge kila kitu ukadhani watu watafanya kazi zaidi, watatumia bando zao tu.

omogaka_kisii

Naingilia kidogo kwa hiyo radi kwa sababu huku Kisii tunaijua. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, kwa hivyo radi haikuingia na intaneti, iliingia na stima. Soketi ya kuzuia nguvu kwa kila meza inasaidia kidogo tu kama hakuna atha ya kweli kwa jengo, ule waya wa kupeleka umeme wa ziada ardhini, muulize fundi stima apime atha kwanza. Kasanduku ka faiba na rauta na swichi muweke kwa kaUPS kamoja kadogo, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, vinakula stima kidogo sana, mtakaa na intaneti kwa laptopu hata stima ikiwa imeenda. Na kama kuna waya wa mtandao unapita nje kwenda jengo lingine, huo ndio mlango, toa. Mwambie kila mtu akitoka jioni achomoe, si kuzima tu. Kuchomoa.

mama_saiba_kakamega

Nimeangalia domeni uliyonitumia kando, na spamu yenu nimeiona ilipo. Kwa DNS ya domeni kuna mstari unaitwa SPF, unaanza na v=spf1, unataja seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Nyinyi mko nayo miwili. Mmoja ni wa kampuni ya zamani ya kuhifadhi tovuti na mwingine ni wa hii ya sasa, mlipohama mtu aliongeza bila kufuta. Kanuni inataka mmoja tu, ikiwa miwili mpokeaji anahesabu ni kosa, hauangalii hata kidogo. Futa ule wa zamani. Halafu washa DKIM, hiyo ni sahihi inayopigwa kwa kila barua, kwa kampuni nyingi ni kubonyeza mahali pamoja halafu unabandika mstari wanaokupa. Google tangu Februari 2024 wanataka kila anayetuma kwa Gmail awe na angalau moja ya hizo mbili, nyinyi kusema kweli hamkuwa na yoyote. Mwisho ongeza DMARC, mstari wa kuambia wapokeaji wafanye nini na barua zinazoshindwa hizo mbili, anza na p=none, uikaze baadaye.

Na moja ya viambatisho. Gmail mwisho ni MB 25, lakini faili likisafirishwa kwa imeili linageuzwa kuwa herufi na linaongezeka kama theluthi, kwa hivyo skani ya MB 20 itakataliwa na utashangaa. Skani risiti kwa DPI 200 (nukta kwa inchi) nyeusi na nyeupe, zinasomeka vizuri na ni ndogo.

Info muifanye sanduku la pamoja, na kila mtu awe na yake na paswadi yake, na ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwa simu ukiingia. Paswadi moja ya watu saba iliyobandikwa kwa skrini, hiyo hapana, mtu akiondoka kazini anaondoka nayo.

karani_wa_kondele

Narudi kuwaambia. Jumamosi tulikaa hapo tangu saa tatu mpaka saa kumi jioni, mimi na kijana mmoja wa mafunzo. Rauta ya mdosi sasa ni 192.168.1.2 na DHCP imezimwa, ukurasa wake ulikataa kufunguka baada ya kubadilisha nikashtuka, kumbe natakiwa kuandika anwani mpya. Waya ya stoo nilikata kichwa kimoja nikapata kijani na buluu zimebadilishana, vile FundiWaya alisema. Nilifunga mara mbili ndio ikashika. Ilipowaka taa ya poti ya kumi na moja yule kijana alipiga makofi.

Vifaa kwa rauta vilikuwa 34. Nimebadilisha paswadi, vikabaki 19, na leo asubuhi mtu wa ghorofa ya chini amekuja kuuliza kama intaneti imeharibika.

Imeili tumeweka IMAP kwa kila mtu, SPF imebaki moja, DKIM imewashwa. Nimejitumia majaribio kwa Gmail yangu imeingia mbele sio spamu. Pesa tumetumia elfu kumi na nane na mia tano, UPS ndogo, diski ya nje, waya na vichwa, iliyobaki mdosi amesema ni ya malipo ya imeili ya mwaka.

Mama wa Kibuye nilimpigia siku ile ile. Alikuja na simu, kioo kimepasuka pembeni, tukaingia kwa zilizotumwa tukaandika jina la ofisi. Barua 61. Delivari zote, hata zile za 2023 zenye alipiga picha juu ya mfuko wa simiti. Alinishika mkono akanyamaza tu. Pingamizi limeingia kwa iTax, ile tovuti ya KRA, jana saa nane mchana, siku sita zikiwa zimebaki, nimemprintia ile karatasi ya kukiri wamepokea na ilitoka kwa printa mara ya kwanza.

Wateja wengine nimefika wa kumi na nne kati ya hamsini na kitu. Diski iko kwa droo yangu imefungwa kwa mfuko, mdosi anasema tumalize kupiga simu kwanza tuone ni nini hasa kimekosekana ndio tuamue kama tutalipa kuifungua. Mama_saiba, kuna mteja anatumia imeili ya kazini kwake na huko pia wako na POP, hakuna kwa zilizotumwa za simu. Hapo kuna njia?

mama_saiba_kakamega

Hongera sana, umefanya kazi. Huyo aangalie kompyuta yenyewe ya kazini, sio simu. Kwa POP zile anazotuma zinabaki kwa kompyuta aliyotumia, folda ya zilizotumwa iko ndani ya programu pale pale. Na ukimkuta, kabla hujatoka, mwambie anakili hiyo folda kwa diski, kwa sababu yeye sasa yuko pale mlipokuwa nyinyi kabla ya mvua.